Tulivyooka Ringi ya Trekta

Siku mliyoniaga hapo karakana mliniomba niseme neno, nami nikasema asanteni, chai inapoa, nikakaa. Najua baadhi yenu mlinung'unika. Sasa nipo nyumbani Ujiji, magoti yamepumzika, na neno limepatikana. Ni refu kidogo, mnivumilie.

Habari za vyeo na mishahara siandiki. Vyeo vilikuja vilipotaka, na mishahara mnaijua wenyewe. Nataka kuandika juu ya Mzee Bilali, ambaye wengi wenu hamkumkuta, na juu ya ringi moja ya trekta. Nimechagua ringi kwa sababu karibu na kustaafu nilimwona mmoja wenu, simtaji, anajijua, akipasha ringi kwa gesi upande mmoja tu huku anaongea na simu.

Nilifika karakana ya Gungu nikiwa msichana mwenye cheti kipya cha ufundi na khanga mpya. Khanga ile mama ndiye aliyenifunga, akisema mtu haendi kazini siku ya kwanza kama anayekwenda kupalilia. Mzee Bilali alikuwa amelala chini ya lori, nikaona miguu yake tu. Nikaisalimia miguu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani?"

"Zena. Fundi mpya."

Kisha mkono uliojaa grisi ukatokea kando ya gurudumu. "Nipe spana namba kumi na tisa."

Nikampa. Aliipapasa mdomo kwa kidole gumba, akaridhika, akaendelea kufunga. Alipotoka alinitazama usoni, akaitazama khanga, ambayo tayari ilikuwa na doa la oili ingawa sikumbuki niligusa wapi.

"Kesho njoo na nguo usiyoipenda," akasema.

Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yangu ya kukaribishwa. Juu ya mwanamke kushika spana hakusema lolote, siku ile wala siku nyingine. Wengine walisema ya kutosha kwa niaba yake.

Alikuwa Mmanyema wa Ujiji, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Ufundi aliupata bandarini kwenye injini za meli, na mazoea ya melini hayakumtoka: kila kifaa kilirudi mahali pake, na kitambaa kilikuwa mfukoni daima. Chombo alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kipande cha shaba, urefu wa kiganja, cha kupokelea nyundo pale ambapo chuma hakitakiwi kuumizwa. "Chuma usikishtue," alikuwa akisema. "Kikishtuka kinapasuka, na kikipasuka hakuna wa kumlaumu ila wewe." Mwaka wa kwanza nilidhani ni msemo tu. Baadaye nilielewa kwamba hayo ndiyo yalikuwa masomo yote, mengine ni maelezo.

Kisha ikaja miaka ya wakimbizi. Watu walitoka Burundi kwa miguu kupitia milimani, na wengine kwa mitumbwi wakiambaa na ufuko, na mkoa wetu ukawa na shughuli usiku na mchana. Sisi wa karakana tulipewa kazi ya maji. Kaskazini ya Kibirizi, kwenye kijiji kimoja cha ufukweni, kulikuwa na kiwanja walikopokelewa watu kabla ya kupelekwa kambini. Chemchemi safi ilikuwa juu, mlimani. Trekta moja kuukuu lilipanda na tangi tupu na kushuka na tangi lililojaa, kutwa nzima, na ndilo lililowanywesha wote waliokuwa pale.

Dereva alikuwa Bukuru, Muha wa Kasulu, mtu wa maneno mengi na moyo mwema. Trekta lake lilikuwa na ugonjwa mmoja. Ukibonyeza stata, kilio chake kilikuwa cha meno yanayosagana, na injini isizunguke. Kwa mliokuja kazini juzi nieleze. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma tunaloliita flaiwili, na ukingoni mwake imevishwa ringi yenye meno. Stata inayashika meno hayo ili kuiamsha injini. Ringi hiyo haina bolti wala nati. Huvishwa ikiwa ya moto, imetanuka. Ikipoa inabana, na huo ubanaji ndio unaoishikilia. Meno yakiisha, stata inakamata hewa.

Bukuru aliishi na ugonjwa ule kama watu wanavyoishi na mkwe mkali. Aliegesha kwenye mteremko ili aliwashe kwa kulisereresha. Alipokuwa pale chini, ambako ni tambarare, aliliacha linanguruma mpaka jioni. Lakini dizeli ililetwa kwa boti na haikutosha kunguruma bure, basi likawa linazimwa na asubuhi watu wanalisukuma. Asubuhi moja ya mvua mwanamume mmoja aliteleza wakati wa kusukuma, na gurudumu la mbele likamkanyaga mguu. Alipona, lakini muuguzi wa hema la wagonjwa alitoka nje, akasimama mbele ya trekta na kusema hakuna mtu atakayelisukuma tena. Alikuwa na haki.

Mvua hiyohiyo ilikuwa imevunja karavati njiani, kwa hiyo gari la kulivuta lisingefika. Maji yakakatika. Watu wakaanza kuteka ziwani, palepale mitumbwi inaposhushia watu na watoto wanapojisaidia. Tulipopata habari, hema la wagonjwa lilikuwa tayari limeanza kupokea matumbo ya kuhara.

Tuliondoka Kibirizi kwa boti, Mzee Bilali na mimi, na masanduku ya vifaa. Mwenye boti alikubali jeki, akakubali minyororo, lakini mtungi wa gesi ya kupashia chuma aliukataa katakata. "Mimi nabeba abiria," akasema, "sibebi baruti." Mzee Bilali hakubishana naye. Alikuwa mtu wa melini, aliheshimu neno la nahodha hata kama chombo chenyewe kilinuka dagaa.

Ringi mpya haikuwepo, si kwetu wala kwingine popote tulipouliza. Ingekuja kwa treni, na treni zile mnazijua. Ndani ya boti nikamuuliza tunakwenda kufunga nini.

"Ileile," akasema.

"Imekwisha, Mzee."

"Haijaisha yote. Utaona."

Bukuru alitupokea kwa salamu ya Kiha, "Mwakeye, mwakeye," kama aliyeona malaika wawili wenye ovaroli. Tukalikata trekta katikati. Tunaita kukata, lakini ni kufungua bolti zinazounganisha injini na giaboksi, kuegemeza mbele kwa magogo, na kuisukuma nyuma ijitenge taratibu kwa magurudumu yake. Tukatoa klachi, tukatoa flaiwili baada ya kuiwekea alama, tukailaza juu ya mkeka. Hapo nikaona alichosema Mzee. Meno yalikuwa yameliwa sehemu mbili tu, zinazotazamana. Kwingine kote yalikuwa mazima kabisa.

"Injini ya pistoni nne haisimami popote inapotaka," Mzee Bilali akaniambia. "Ikizimwa, inarudi kulala mahali palepale pawili. Kwa hiyo stata inauma palepale kila siku. Tukiivua ringi na kuizungusha robo, stata itakutana na meno mapya."

Nilikuwa na miaka kadhaa kazini na sikuwa nimelifikiria hilo. Ni jambo rahisi hata linaudhi.

Kuivua kulienda vizuri. Tulichana pipa la mafuta, tukapata ukanda wa bati, tukauzungushia flaiwili tuliyoiweka juu ya mawe, na katikati ya bati na ringi tukajaza makaa. Flaiwili yenyewe tukaifunika matambara ya maji ili isitanuke pamoja na ringi. Kisha kipande cha shaba na nyundo: gonga hapa, gonga mkabala, gonga pembeni, gonga mkabala. Usigonge mahali pamoja mara mbili kwa hasira. Ringi ikashuka nusu, ikashuka yote, ikalala chini bila ufa. Bukuru akapiga makofi.

Kuirudisha ndiko kulikotushinda. Kuivua kulihitaji moto kidogo. Kuivisha kunahitaji moto uliosambaa sawasawa. Tuliirudishia makaa palepale nje, na upepo wa ziwa ukaanza kazi yake. Upande mmoja wa ringi ukapata rangi ya buluu, upande wa pili ulikuwa bado unashikika kwa kitambaa. Tukajaribu kuivisha. Ikaingia kwa mshazari, ikakwama nusu, kama kofia ya mtu mlevi. Tukaigonga haraka itoke kabla haijabana. Ilitoka, lakini nilimwona Mzee Bilali akiikagua kwa kidole, jino kwa jino.

"Ikikwama hivi tena itapasuka," akasema. "Na ikipasuka, basi."

Kutoka pale tulipokaa tuliwaona kina mama wanashuka ziwani na ndoo. Hakuna aliyetulaumu. Hilo ndilo lililokuwa gumu.

Hatua chache kutoka kwetu palikuwa na mama mmoja mnene, mkimbizi wa Burundi, aliyekuwa ametutazama tangu asubuhi huku anakanda unga. Aliitwa Spesioza. Alikuwa amejenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, la mviringo, lenye mlango mdogo, na mikate yake ililiwa na wenyeji, wakimbizi na askari bila ubaguzi. Sasa aliinuka, akapangusa mikono, akaja kusimama juu ya ile ringi.

"Nyinyi," akasema kwa Kiswahili chake cha kupanda na kushuka, "hiki chuma mnakichoma. Hamkioki."

Mzee Bilali akainua uso. "Tofauti yake nini, mama?"

"Kuchoma, moto uko upande mmoja. Kuoka, moto uko pande zote, na hakuna upepo." Akaelekeza kidole kwenye tanuri lake. "Mule mkate unaiva juu sawa na chini."

Mzee Bilali alilitazama tanuri, akanitazama mimi. Nikachukua kamba, nikapima mlango wake. Ringi ingepita, kwa shida.

"Mama," nikasema, "tunaomba utuazime tanuri."

Bukuru akaanza kumweleza upya kwa Kiha, akidhani hajaelewa. Alikuwa ameelewa sana. Aliinama, akagusa ringi, akanusa kidole.

"Oya, hapana. Mafuta yote haya? Mkate wangu utanuka gereji. Nani atanunua?"

"Tutaiosha," nikasema.

"Mtaiosha kama sahani?"

"Kama sahani," akasema Mzee Bilali.

Basi tuliketi chini, fundi mkuu wa karakana na mimi, tukaisugua ringi ya trekta kwa majivu na sabuni, na Mama Spesioza akiikagua na kuturudishia. Mara ya mwisho aliipitishia kitambaa chake mwenyewe cheupe. Kikatoka cheupe. Akakubali.

Palibaki neno moja. Unga wake ulikuwa umeshaumuka chini ya kitambaa chenye maji, na unga ulioumuka haungoji mtu. Tanuri likipashwa kwa ajili yetu na ringi ikachelewa, mikate ya siku ile ingeanguka yote, na mikate ile ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe. Nilimwambia wazi kwamba hatuna hakika. Tulishashindwa mara moja, alituona.

Alitazama upande wa ziwa kidogo. "Mtoto wangu mdogo yuko kwenye hema la wagonjwa," akasema. "Tumbo. Kinachohitajika ni maji, si mkate. Leteni chuma."

Alijaza kuni, akaliacha tanuri liwake mpaka udongo wa ndani ukabadilika rangi, kisha akakokota makaa yote nje na kufagia kwa majani mabichi. Mzee Bilali akasugua sehemu kadhaa za ringi kwa tupa mpaka zikang'aa, ili tuone rangi itakavyobadilika, kisha akachora alama ya chaki kwenye ringi na nyingine kwenye flaiwili, robo mzunguko kutoka mahali pa zamani. Tukaiingiza kwa koleo, imelala juu ya vipande vya matofali, na Mama Spesioza akaziba mlango.

Sisi tulikuwa na kipimo chetu na yeye alikuwa na chake. Chetu ni rangi: pale paliposuguliwa pakifika njano ya majani makavu, toa; pakianza kwenda buluu, umepitiliza. Chake kilikuwa chembe ya unga. Kila baada ya muda alifungua kidogo, akarusha unga sakafuni mwa tanuri, akautazama, akafunga. Mwanzo ulibaki mweupe. Kisha ukawa kama chai ya maziwa.

"Ego," akasema. Ndiyo.

Mzee Bilali akachungulia. Pale paliposuguliwa palikuwa njano, na njano ileile kila mahali.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kipande cha shaba mkononi, nikisubiri kumpa. Yeye ndiye aliyevisha ringi siku zote. Kazi ile haina nafasi ya kufikiri: ukishaitoa motoni, unaiweka, inakaa sawa, au inapoa ikiwa kombo. Akageuka, akanipa koleo.

"Leo utaweka wewe."

"Mimi, Mzee?"

"Upande ambao meno yamechongwa mshazari utazame stata. Alama ya chaki ikutane na alama ya chaki. Nenda."

Bukuru alishika koleo la upande wa pili. Tuliitoa, tukaivukisha juu ya flaiwili, nikaona chaki ya ringi, nikaona chaki ya flaiwili, nikazikutanisha, tukaachia. Ringi ikazama yenyewe. Ilitoa mlio mmoja mzito, kama mlango wa ghala unaofungwa, ikakaa. Nikaizunguka nikigonga polepole kwa shaba, na kila pigo lililia sawa na jingine. Hapo unajua imekaa chini kote.

Bukuru, kwa furaha, alikuwa ameshakamata ndoo ya maji kuipoza. Ni siku pekee niliyomsikia Mzee Bilali akipiga kelele. Ringi ya moto ukiimwagia maji unaifanya ngumu kama kioo, na meno yake yatavunjika vilevile kama kioo. Iacheni ipoe yenyewe. Nendeni mkanywe chai.

Nyuma yetu Mama Spesioza hakuwa na muda wa kushangilia. Alikuwa anatupa mikate tanurini kwa ubao, mmoja baada ya mwingine. Iliiva yote. Siku ile alitupatia mmoja wa moto, tukaumega kwa mikono yenye grisi. Nilipouliza ameuumua kwa kitu gani, akasema kwa mashapo ya pombe ya ndizi. Mimi ni binti wa Kiislamu wa Ujiji. Tonge lilisimama mdomoni. Nikamtazama Mzee Bilali, ambaye hakosi msikiti. Alikuwa anatafuna kwa utulivu mkubwa. "Moto umeshatoa hukumu," akasema, akamega tena. Sijui kama fatwa ile ina msingi, lakini nililimeza.

Siku iliyofuata tuliliunganisha trekta. Bukuru akapanda. Palikuwa tambarare tupu, hakuna mteremko wa kutegemea wala watu wa kusukuma. Akabonyeza. Stata ikakamata, injini ikazunguka mara moja, mbili, ikakohoa moshi mweusi, ikawaka. Akaizima. Akaiwasha. Akaizima tena, akaiwasha tena, anacheka peke yake, mpaka Mzee Bilali akamwambia, "Bukuru, maji." Akaenda mlimani. Tangi liliporudi, muuguzi mwenyewe ndiye aliyefungua bomba, na ndoo za kwanza zilikwenda hemani. Mtoto wa Mama Spesioza alitoka mle hemani kabla mwezi haujaandama, akiwa mwembamba na mwenye njaa. Bukuru ndiye aliyetuletea habari.

Tulirudi kwa boti jioni ya siku ile trekta lilipowaka, ziwa limetulia. Mzee Bilali alikuwa ameweka mikono juu ya magoti.

"Zena," akasema, "mikono yangu imeanza kutetemeka. Ndiyo maana nilikupa koleo. Nilitaka ulijue wewe kabla hawajaliona wengine."

"Nalijua, Mzee. Tangu kiangazi."

Akageuka. "Na hukusema?"

"Hukuuliza."

Alicheka mpaka mwenye boti akaangalia kama kuna kitu kimeharibika. Kuanzia hapo tulifanya kazi hivyo, miaka mingi: yeye sikio na kichwa, mimi mikono. Alikuwa anakaa juu ya kreti, macho amefumba, ananiambia, "Bolti ya tatu umeikaza kuliko wenzake," na ilikuwa kweli. Alistaafu kwa heshima na akafa kitandani kwake, amezungukwa na wajukuu. Mama Spesioza alihamishwa kambini, kisha amani iliporudi akarudi kwao. Bukuru alilima na trekta lile mpaka injini ikachoka, lakini ringi haikuchoka.

Mimi sina malalamiko. Nimefanya kazi niliyoipenda, mahali nilipozaliwa, na vidole vyangu vyote kumi ninavyo, jambo ambalo si kila fundi wa rika langu anaweza kulisema.

Juzi mwenzenu Juma alinipigia kutoka karakana. Mlikuwa na ringi ya jenereta ya kuvisha, akaniuliza ipashwe vipi. Nikamwambia, kwanza weka simu chini. Akasema atanipigia mkimaliza. Alasiri simu ikalia, lakini hakusema neno. Alikuwa ameielekeza kwenye mashine. Nikasikia stata ikikamata, nikasikia injini ikiwaka, ikitulia, ikinguruma sawasawa. Nilikuwa jikoni, mwiko mkononi. Nilisimama nikaisikiliza mpaka salio la Juma likaisha.